Kata PDF pale kikao kinapoanza

Chama cha ushirika hapa Moshi kikipeleka mihtasari yake steshenari iskaniwe, mara nyingi kinarudishiwa faili moja la PDF, tuseme kurasa 600. Haliendi kwa barua pepe: Gmail inakubali MB 25, na kiambatanisho huvimba kwa takriban theluthi kikisafirishwa, kwa hiyo hesabu MB 18 hivi.

Amri ya `split` ya Linux usiiguse. Inakata baiti tu, na PDF huweka mwishoni jedwali linaloonyesha kila kitu kimo baiti ya ngapi. Kipande kisicho na jedwali hilo hakifunguki sawasawa. Programu ya kushughulikia PDF, `qpdf`, kwa `qpdf --split-pages=20` inakata salama kila kurasa 20, ila kikao kitaanzia faili hili na kuishia lile. Katibu anayetafuta uamuzi wa bei ya mbolea anataka kikao kizima.

Kwanza zipe kurasa zilizoskaniwa maandishi yanayosomeka na kompyuta; `ghafi.pdf` ndilo faili ulilorudishiwa (kwenye Ubuntu weka `ocrmypdf` na `tesseract-ocr-swa`):

`ocrmypdf -l swa ghafi.pdf mihtasari.pdf`

Kisha tafuta kurasa za mwanzo:

```
for i in $(seq 1 $(qpdf --show-npages mihtasari.pdf)); do
  pdftotext -f $i -l $i mihtasari.pdf - | grep -v '^ *$' |
  head -n 5 | grep -qi "muhtasari wa kikao" && echo $i
done > mianzo.txt
```

Hiyo `head -n 5` ndiyo roho ya kazi. Karibu kila muhtasari una ajenda ya "kusoma muhtasari wa kikao kilichopita", na bila kujifunga kwenye mistari mitano ya juu, amri hizi zitakata kikao vipande viwili kila maneno hayo yakiangukia ukurasa wa ndani.

Fungua `mianzo.txt` uisome kwa macho kabla ya kukata. Mhuri uliopita juu ya kichwa cha habari hufanya ukurasa urukwe. Ongeza namba yake mahali pake. Mihtasari ya mwandiko wa mkono Tesseract (programu ambayo `ocrmypdf` hutumia kusoma herufi) haiiwezi, hiyo andika namba zake mwenyewe. Kisha kata:

```
paste mianzo.txt <(tail -n +2 mianzo.txt) | while read a b; do
  if [ -n "$b" ]; then m=$((b-1)); else m=z; fi
  qpdf mihtasari.pdf --pages . $a-$m -- kikao-$(printf %03d $a).pdf
done
```

Herufi `z` kwa qpdf ni ukurasa wa mwisho. `%03d` inaweka sifuri mbele; bila hizo, faili la 100 litapangwa kabla ya la 20.

Sasa jumlisha kurasa:

`for f in kikao-*.pdf; do qpdf --show-npages "$f"; done | paste -sd+ | bc`

Ikitoka 598 badala ya 600, angalia mbele kabisa: jalada na orodha ya wajumbe zilizo kabla ya kikao cha kwanza hazimo kwenye kipande chochote. Ongeza 1 juu ya `mianzo.txt`, rudia kukata, na `ghafi.pdf` lisifutwe mpaka hesabu ikubali.