Ufunguo wa Stoo ya Kahawa

Agosti 1998, jirani yetu kule Old Moshi alianguka kutoka juu ya mti akiwa anakata majani ya ng'ombe, akavunjika mguu, na baada ya wiki mbili za hospitali alirudishwa nyumbani akiwa na plasta hadi pajani. Mzee huyo, wa ukoo mmoja na marehemu baba, ndiye aliyeng'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, usiku na kuyapanda upya hatua mbili ndani ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo. Tangu hapo tulisalimiana naye kanisani tu, tena kwa sababu ya macho ya watu.

Wanawe walikuwa Dar es Salaam. Mama akawa anampelekea uji kila asubuhi, na mimi nikaamriwa kumkatia ng'ombe wake majani. Nilimuuliza kwa nini tumhudumie mwizi. Hakunijibu, bali aliniambia nimsomee maelezo ya amri ya saba katika Katekisimo Ndogo ya Luther, niliyokuwa nikiikariri darasani kwa ajili ya kipaimara: kwamba haitoshi kutomwibia jirani, yatupasa pia kumsaidia kuilinda mali yake. Nilipomaliza alinikabidhi mundu.

Jumamosi moja mzee alituita. Nilisimama mlangoni nikitegemea kuona jani la isale, ambalo sisi Wachaga huombea msamaha. Badala yake alivuta uzi shingoni, ukatoka ufunguo mdogo wenye kutu, akauweka kiganjani mwa mama bila kumtazama.

"Shemeji, kahawa ya maganda imo stoo. Nipelekee chama cha msingi cha ushirika."

Mama angeweza kusema mengi. Alichouliza ni kama ilikuwa imekauka vizuri.

Mizani ilisoma kilo 93. Mama alimwomba karani apime tena, si kwa kumtilia shaka, nadhani, bali ili mimi nishuhudie, kisha akaifunga risiti kwenye pindo la kanga, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiligusa lile fundo. Mzee alinitaka niisome mara mbili. Ufunguo aliukataa.

"Kaa nao tu, shemeji."

Masale hayakurudishwa, yapo palepale hadi leo. Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari wa kalenda yetu ya kanisa hadi Desemba, wanawe walipokuja kula Krismasi, wakauliza stoo ya baba yao inafunguliwa na nani.