Masika ndani ya basi la kuishi

Wanaoishi ndani ya magari ya nyumba kule Kanada na kaskazini mwa Marekani hukabiliana na Januari ambayo maji yake huganda ndani ya mabomba, na gesi ya kupikia aina ya butani hushindwa kugeuka mvuke joto linaposhuka chini ya nyuzi 0, ndiyo maana hutumia propani, inayochemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mimi, ninayeishi ndani ya Toyota Coaster kuukuu kwenye kiwanja cha mjomba wangu, njia ya Tanga kwenda Pangani, nina masika ya Machi hadi Mei, kisha kipupwe ambacho kikizidi sana hudai blanketi moja.

Tunakutana kwenye unyevu. Pumzi za mtu aliyelala, chai inayochemka na hata gesi yenyewe inapoungua, vyote huzaa mvuke, na mvuke huo hutafuta bati lililopoa. Kwangu huanzia kwenye vichwa vya skrubu za dari, kwa kuwa chuma hicho kimeshikana na paa lililo nje: alfajiri tone hujikusanya hapo, huning'inia kwa muda, kisha hudondoka juu ya mto. Mtu wa nchi ya baridi hushauriwa afungue dirisha kidogo, na ushauri huo humfaa, kwa sababu hewa ya baridi kali hubeba maji machache. Hewa ya Tanga wakati wa masika imekwisha kulowa kabla haijaingia ndani, kwa hiyo dirisha hutoa mvuke wa sufuria lakini halikaushi shati. Kinachosaidia ni hewa inayotembea: feni ndogo isiyozimwa usiku, nafasi kati ya kabati na bodi, na godoro lililolazwa juu ya chaga zilizoachana, kwani likilazwa juu ya ubao mzima huota ukungu mweusi upande wa chini bila mwenyewe kujua.

Kupika nimekuhamishia nje, chini ya turubai. Jiko la mkaa haliingii ndani ya basi hata mvua ikinyesha kwa mawe, kwa maana hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na chumba chenyewe ni kidogo mno. Mlango nimeugeuzia kaskazini ili kusi isiniletee mvua kitandani. Mawingu yakitanda, sola hutoa umeme wa taa na feni tu, hivyo friji huzimwa na samaki hununuliwa wa siku hiyo hiyo. Shangazi, aliyekuja kunijulia hali, alitazama ndoo zilizopangwa chini ya turubai akauliza, “Mwanangu, kwani Tanga nyumba zimekwisha?” Nilimkaribisha chai.

Lililobaki ni kutu, ambayo chumvi ya bahari huiharakisha, hasa kwenye kingo za paa na chini ya mipira ya madirisha, mahali ambapo maji hutuama. Fundi wa bodi amekwisha kukwangua na kupaka rangi ya kuzuia kutu, na sasa anataka kutoboa paa aweke tundu la hewa lenye kifuniko kabla ya vuli. Mjomba anasema kutoboa paa ni kuialika mvua. Mimi nipo upande wa fundi, ila bei yake bado hatujaelewana.