Barua kutoka Austin

Kijana niliyempokea uwanja wa ndege mwenyewe, nikamlaza sebuleni kwangu miezi miwili, nikampa kazi hata jasho la safari halijakauka, ndiye aliyeniletea serikali mlangoni. Hivyo ndivyo nilivyoihesabu siku ile. Bahasha ilitoka Austin, Texas Workforce Commission, idara ya kazi ya jimbo, na jina lake lilikuwa juu kabisa: ameomba mafao ya kukosa kazi, mwajiri wake wa mwisho ni mimi, na nina siku 14 tangu tarehe ya barua kueleza kazi ilikwishaje.

Niliisoma mara tatu. "Amenishtaki," nikamwambia mume wangu. Naye bila hata kuishika ile karatasi akajibu, "Si nilikwambia?" Hakuwahi kuniambia kitu, lakini yaacheni hayo.

Nieleze kidogo nilivyofika hapo. Houston nina mwaka wa kumi na mbili. Miaka ya mwanzo nilibeba boksi kama wengine wote: ghala, nyumba za wazee, kisha usafi wa ofisi usiku. Kwenye usafi ndipo nilipojiuliza kwa nini ofisi hizi nizideki kwa jina la mtu mwingine. Nikasajili jina la biashara, nikanunua mashine ya kunyonya vumbi ya mitumba, nikapata jengo la kwanza, kisha la pili. Nikaajiri watatu: huyu kijana, mtoto wa binamu yangu wa Muheza, aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, shemeji yangu, na mama mmoja wa Bukavu tuliyekutana kanisani. Dola 15 kwa saa, saa 25 kwa wiki.

Kuhusu kodi nilifanya walivyonishauri wenzangu kwenye nyama choma. "Wape 1099, dada, usijitie presha." Maana yake uwahesabu kama makandarasi, kila mtu na biashara yake, wewe unawalipa tu kama unavyomlipa fundi bomba, na kodi zao watajijua. Hakuna kukata kitu, hakuna ritani za mishahara. Nilikaa hivyo mwaka mzima na nikajiona mjanja.

Kisha wapangaji wa jengo la pili wakahama, mkataba ukafa, nikamwambia kijana sina saa za kumpa. Akaenda kuomba mafao. Na mafao hayaombwi hewani: wanaangalia rekodi za mishahara ambazo waajiri huwasilisha kila robo mwaka. Wakatafuta namba yake ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, kwenye rekodi, hawakuona kitu. Yeye ana ushahidi kwamba amefanya kazi kwangu mwaka mzima. Basi swali likageuka. Si tena kijana anastahili nini, bali huyu dada anayedeki ofisi ni nani.

Afisa aliyenipigia alikuwa mpole sana, na huo upole ndio ulionimaliza. Aliuliza nani anapanga saa za kuingia. Nikasema mimi, tena mtu akichelewa dakika kumi nampigia. Nani ananunua dawa na mopu? Mimi. Nani aliwafundisha? Mimi mwenyewe, wiki nzima, hadi namna ya kukunja kitambaa cha kioo. Kijana angeweza kumtuma mtu mwingine badala yake? Nikacheka: "Siwezi kuruhusu mtu nisiyemjua aingie kwenye jengo la watu." Kila jibu nililolitoa kwa fahari lilinifunga kamba. Kumbe wana orodha ya mambo 20 wanayoyapima, na kiini chake ni kimoja: nani anaiongoza kazi. Ukandarasi hauji kwa sababu umempa mtu fomu ya mkandarasi.

Nikaamriwa kusajili akaunti ya mwajiri ya kodi ya bima ya kukosa kazi, ile inayolipia hayo mafao, na kuwasilisha ritani za robo zote zilizopita, pamoja na riba na faini. Upande wa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, nao ulifuata. Huo uliniuma zaidi mfukoni, lakini leo naongelea hii ya jimbo, kwa sababu ndiyo ambayo wengi wetu hatujui hata kama ipo.

Sasa hesabu. Texas, kodi hii kwa mwajiri mpya huanzia asilimia 2.7, au wastani wa sekta yake kama uko juu zaidi, na hutozwa kwenye dola 9,000 za kwanza tu za mshahara wa kila mfanyakazi kwa mwaka. Mfanyakazi wangu mmoja kwa robo ya wiki 13 anapata dola 4,875. Robo ya kwanza natozwa kwenye zote: 131.63. Robo ya pili zimebaki 4,125 kufika kwenye kikomo, nalipa 111.38. Robo ya tatu na ya nne sifuri. Jumla ni dola 243 kwa mtu kwa mwaka, 729 kwa watatu. Niliuza usingizi wangu kwa dola 729.

Ile sifuri msiichezee. Mwaka uliofuata, nikiwa tayari mwajiri halali mwenye akaunti na nywila, robo ya tatu niliona hakuna cha kulipa nikafunga kompyuta. Faini ikaja. Kumbe kulipa ni jambo moja na kuwasilisha ni jingine: hata kama hudaiwi senti, hata kama hukumlipa mtu yeyote robo hiyo, ritani inatakiwa mezani. Tarehe ni siku ya mwisho ya mwezi unaofuata robo: 30 Aprili, 31 Julai, 31 Oktoba, 31 Januari. Mle ndani unaweka jina la kila mtu, namba yake ya Social Security na mshahara wote aliolipwa, si ile sehemu inayotozwa tu. Wanauliza pia ulikuwa na wafanyakazi wangapi kwenye kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya kila mwezi. Nilidhani ni mtego. Ni takwimu tu.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni kwamba kikomo cha 9,000 kinamfuata mtu, hakifuati kiti. Mtu akiondoka Mei ukamweka mwingine mahali pake, huyu mpya anaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri. Sisi wenye biashara za kuokota watu, huyu wiki tatu, yule mwezi, tunalipa kodi hii mwaka mzima bila kujua kwa nini haiishi. Na hapo Texas ni nafuu. Kikomo cha jimbo la Washington mwaka 2024 kilikuwa dola 68,500. Rafiki yangu wa Seattle nilipomtajia hizi 9,000 zangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza nyumba za huku zinauzwaje.

Serikali kuu nayo ina ya kwake, FUTA: asilimia 6 kwenye dola 7,000 za kwanza, lakini ukilipa ya jimbo kwa wakati unasamehewa hadi asilimia 5.4, na kwa kawaida unabaki na dola 42 kwa mtu kwa mwaka. Ukichelewa ya jimbo, msamaha unapungua. Ujanja huu ni wa tangu 1935, Roosevelt aliposaini sheria ya Social Security. Serikali kuu haikuyalazimisha majimbo kuanzisha bima hii. Iliwatoza waajiri wote, kisha ikasema jimbo lenye mfuko wake, waajiri wake watasamehewa sehemu kubwa. Nani angekataa? Wisconsin ilikuwa imeshatangulia tangu 1932, na huko ndiko lilikokomaa wazo kwamba mwajiri anayefukuza watu ovyo alipe zaidi.

Wazo hilo ndilo linalonisumbua sasa. Kiwango cha 2.7 ni cha mgeni. Ukishakaa, wanakupima kwa historia yako: mafao yaliyolipwa kwa watu wako kwa miaka mitatu, yakigawanywa kwa mishahara yako iliyotozwa. Mwaka 2024 viwango vya Texas vilianzia 0.25 hadi 6.25. Mfanyakazi yule yule, mopu ile ile, unaweza kumlipia dola 22.50 kwa mwaka au 562.50. Kampuni yenye watu elfu tatu ikipunguza mmoja haisikii kitu. Mimi mwenye watatu, mmoja akichukua mafao wiki tisa, hesabu yote inayumba. Kijana alilipwa dola 195 kwa wiki, kwa sababu Texas huchukua robo yako nono kuliko zote na kuigawanya kwa 25. Wiki tisa ni 1,755, kisha akapata kazi ghalani. Hizo 1,755 zipo kwenye akaunti yangu kama doa la chai kwenye kanga nyeupe.

Ndiyo maana zile siku 14 zina maana, na ndiyo maana pia zinashawishi watu kusema uongo. Wapo walionishauri niandike kwamba aliacha kazi mwenyewe, au kwamba alikuwa mzembe, maana kwa sababu hizo mafao yanaweza kuzuiwa. Niliandika kilichotokea: kazi iliisha. Sitajisifia uungwana. Niliogopa tu kudanganya mara ya pili.

Hapa niseme jambo la undugu. Kwenye biashara ya mtu binafsi isiyo kampuni, Texas inamsamehe kwenye bima hii mwenzi wako wa ndoa, mzazi wako, na mtoto wako wa chini ya miaka 21. Orodha imeishia hapo. Shemeji hayumo. Binamu hayumo, wala mtoto wa binamu, wala yule "mdogo wangu" ambaye mmekua naye mtaa mmoja Chumbageni. Nilijaribu kumweleza afisa kwamba huyu kijana ni mwanangu. Akauliza nilimzaa lini.

Mama wa Bukavu, siku nilipompa hati yake ya kwanza ya mshahara yenye makato, aliikagua mstari kwa mstari kama anayechambua mchele. Social Security ameiona, Medicare, bima ya afya ya wazee, ameiona. "Dada, na ile franga ya bima ya kukosa kazi, munaikata wapi?" Nikamwambia haikatwi kwake. Hakuniamini. Nyumbani tumezoea NSSF, wewe unakatwa na mwajiri anaongeza, na mtu akikwambia kuna kitu cha serikali kisichokatwa kwenye mshahara wako unaanza kutafuta kimefichwa wapi. Lakini ndivyo ilivyo: isipokuwa Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mfanyakazi naye huchangia, bima hii hulipwa na mwajiri peke yake. Ukimkata mfanyakazi wa Texas umemwibia.

Na kwa kuwa haikatwi, wafanyakazi wenyewe hawajui kama ipo. Nimesikia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp watu wenye green card waliopunguzwa kazi wakiogopa kuomba mafao, wakidhani ni misaada ya serikali itakayowaharibia makaratasi. Siyo. Idara ya uhamiaji haiyahesabu mafao haya kama kuwa mzigo kwa serikali, kwa sababu ni bima iliyotokana na kazi yako. Sheria ya Texas yenyewe hayo malipo ya mwajiri haiyaiti kodi, inayaita michango. Watu wazima wanaochangia kila msiba kuanzia Houston mpaka Dallas, na wanaojua kabisa kwamba asiyechangia huzikwa na manispaa, hawakuhitaji kufundishwa hili na mzungu.

Kijana sikumpigia kwa wiki sita. Nilipompigia nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini yeye akaanza: "Shikamoo mama. Mama, nimesikia nimekuponza." Akasema ni mwenzake ghetto aliyemwonyesha jinsi ya kuomba, hakujua kama barua itakuja kwangu. Alidhani pesa inatoka serikalini tu. Nikamuuliza, na mimi ulidhani natoka wapi? Tukacheka wote, nikajikuta namuuliza kama anakula.

Jengo jipya limeingia mwezi wa nane. Ghalani wamempunguzia zamu, amerudi kwangu siku tatu kwa wiki, safari hii na fomu ya W-4 ya makato ya kodi na nakala ya vitambulisho kwenye jalada. Juzi usiku, tarehe 29 Oktoba, nimekaa mezani na ritani ya robo ya tatu. Mama wa Bukavu, sifuri ya kutozwa. Shemeji, sifuri. Kijana kaanza upya, dola zake zote zinatozwa. Nikalipa dola thelathini na kitu, nikachapisha risiti, nikaibandika kwenye friji juu ya ratiba ya mpira ya mwanangu. Mume wangu akaisoma akiwa ameshika glasi ya maji. "Na Desemba je?" Nikamwambia robo inayofuata ni Januari, aende akalale.