Mashine ya wembe ya babu imerudi kazini

Ilikuwa ndani ya kopo la bati la majani ya chai, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, na shangazi alivyonikabidhi hakusema mengi, alisema tu "hii ya babu yako, wewe ndo unapenda vitu vya zamani, chukua baba". Nje mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake. Nikaifungua palepale barazani. Gillette ya kizamani, mashine ya kunyolea ndevu, aina wanayoiita Tech ambayo ilianza kutengenezwa Marekani 1938, na wembe wa mwisho aliotumia babu bado umo ndani, umeshika kutu mpaka umegandana na bamba.

Kwa ambao hamjawahi kushika hizi, ni kitu chepesi sana kuelewa. Vipande vitatu tu. Kuna kifuniko cha juu kilichopinda kidogo, katikati yake kimeota skrubu inayoangalia chini, kuna bamba ambalo lina tundu la kupitisha hiyo skrubu, halafu mpini ambao ndani yake una tredi, yaani ile mistari ya kuzungushia skrubu. Wembe unakaa kati ya kifuniko na bamba, ukikaza mpini wembe unapinda kufuata kifuniko na ncha zinachungulia kidogo tu pande zote mbili. Ndo maana haukati ovyo. King Gillette alipata hataza ya mashine ya namna hii 1904 na mpaka leo wembe wa makali mawili unaouzwa dukani kwa mangi unaingia humo bila shida yoyote, hiki kitu kinanifurahisha kila nikikifikiria.

Babu alienda nayo, au tuseme alirudi nayo, kutoka Joni, yaani Johannesburg. Wazee wengi wa Rungwe walienda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa Wenela, shirika lililokuwa linaandikisha vibarua wa migodi, kabla ya uhuru, na babu alienda mara mbili, alirudi safari ya kwanza 1952 na ya pili 1957. Sasa nyumbani siku zote kuna ubishi mdogo: baba mdogo anasema mashine ililetwa safari ya kwanza, shangazi anasema hapana, ni ya pili, kwa sababu mama yao alikuwa anamsimulia kwamba baba yake alivyorudi, yeye shangazi alikuwa ndo anaanza kutembea na aliogopa lile povu usoni akakimbia analia. Hilo ntalirudia.

Nimeileta Mbeya, nikaanza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaacha usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Ule uchafu wa kijani mnaouona kwenye hizi mashine ni kutu ya shaba, kwa sababu chini ya ule weupe wa nikeli kuna shaba ya njano, na sabuni ya miaka ikikaa kwenye kona na unyevu inaamsha ile kijani. Mswaki wa zamani unatosha, na dawa ya meno kidogo sana. Kuna jamaa kazini aliniambia weka ndimu au siki ilale humo, msifanye hivyo, asidi ikikaa muda mrefu inakula nikeli na ikishaondoka hairudi. Na stili waya ndo kabisa usiisogeze.

Kosa langu lilikuwa kwenye mpini. Ulikuwa umegoma kufunguka, nikadondoshea mafuta ya cherehani kwenye shingo, na badala ya kusubiri siku mbili tatu nikasubiri masaa mawili tu nikachukua plaizi nikazungushia kitambaa nikakaza mkono, nikasikia "tik". Mpini umepasuka shingoni, ufa mwembamba kama unywele. Mipini ya namna hii ndani ni wazi, siyo chuma kilichojaa, na shingo ndo inabeba nguvu yote ya kukaza, kwa hiyo ikishazeeka inapasuka hapohapo. Kwa kweli iliniuma sana, niliiweka mezani nikakaa nayo naiangalia tu. Kitu kimevuka bahari, kimekaa na mzee miaka yote, mimi nimekishika wiki moja. Ilifunguka lakini, na ule wembe wa kutu ukatoka vipande vipande.

Nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma Mwanjelwa. Nilimkuta anachonga bushi za pawatila, akafuta mikono akakishika kile kifuniko akakiangalia kwenye mwanga kama mtu anaangalia pete. Shida ilikuwa tredi. Za Marekani hizi ni 10-32, yaani unene milimita 4.83 na kila hatua ya tredi ni kama 0.79, na yeye tapu ya hiyo, kile kifaa cha kuchongea tredi ndani ya tundu, hana, ana M5 ambayo unene ni 5 na hatua ni 0.8. Tukajaribu kwanza kwenye kipande cha chakavu. Inaingia, inalegealega kidogo ukianza lakini ukifika mwisho inakaza vizuri na haichezi. Akakereza mpini wa shaba ya njano iliyojaa, mzito kuliko wa zamani, akauchonga mistari ili usiteleze ukiwa na sabuni. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka, akakataa hela ya kile kipande cha majaribio.

Aliniuliza kama nataka tuipeleke ikapigwe nikeli upya yote ing'ae. Nikakataa. Kwenye kona mbili za bamba nikeli imeliwa na shaba inaonekana, ni pale kidole gumba cha babu kilipokuwa kinashika akibadilisha wembe, nimejaribu kushika hivyohivyo na kidole changu kinakaa palepale. Mi siwezi kulipa hela ili mtu anifutie hilo.

Kuiunganisha ni dakika moja lakini kuna namna yake. Kifuniko unakilaza chali, wembe juu yake unaushika ncha zile fupi siyo kwenye makali, bamba juu ya wembe, halafu unabana vyote kwa vidole huku unazungusha mpini. Ukishakaza angalia mbele yako usawa wa macho: makali yachungulie sawa pande zote. Kama upande mmoja umetokeza zaidi legeza, sogeza, kaza tena. Hapo watu wengi ndo wanajikata halafu wanalaumu mashine. Na usikandamize, uzito wake wenyewe unatosha, hasa huu mpini mpya.

Sasa ule ubishi. Wakati nasafisha chini ya bamba, uchafu ulivyotoka nikaona herufi A na namba 3. Miaka hiyo ya hamsini Gillette Marekani walikuwa wanapiga alama hizo, W ni 1951, X 1952, Y 1953, Z 1954, halafu wakarudi A ambayo ni 1955, na namba ni robo ya mwaka. Kwa hiyo hii imetengenezwa kati ya Julai na Septemba 1955. Haiwezekani kabisa babu aliirudisha 1952.

Nilimpigia shangazi usiku huohuo. Nikamweleza taratibu habari ya herufi, akanyamaza, nikadhani simu imekata. Akasema, "kwa hiyo mama hakunidanganya, nilikimbia kweli." Akaniuliza kama povu nalipaka kwa brashi au kwa mkono, nikamwambia kwa mkono, akasema baba yake alikuwa na brashi, atatafuta kwenye sanduku.

Mpini wa zamani wenye ufa nimeufunga kwenye kile kipande cha kanga, nimeurudisha kwenye kopo.