Kopo la Vizibo

Treni ya umeme ilitoka Dar es Salaam asubuhi, na kabla sijamaliza kusinzia tukawa Dodoma. Mama angecheka. Mwaka 1977 yeye alitumia siku mbili kufika Urambo, daraja la tatu, amekalia sanduku lake la bati. Alikuwa na miaka 18 na cheti cha darasa la saba, anamfuata kaka yake aliyelima tumbaku. Kabla mwaka haujaisha akawa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie darasani, walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza la saba wakawekwa mbele ya ubao, wanafundisha huku wenyewe wanafundishwa. Watu waliwabeza. "Mwalimu wa yuupii" likawa tusi, na mama hakulisahau hadi anastaafu.

Kwenye begi nilibeba vitu viwili: daftari la rambirambi, ambalo hata baada ya arobaini lilibaki na kurasa tupu, na kopo la maziwa lililojaa vizibo vya soda. Alivitoboa kwa msumari, akavitunga kumikumi kwenye waya. Ndiyo zana yake ya kujumlisha. Kutu imevila, lakini ukitikisa vinalia vilevile.

Kutoka Dodoma nilipanda basi. Manyoni, Itigi, kisha miyombo isiyokwisha. Tabora nililala; cha kukumbuka ni mbu tu. Kesho yake Urambo, halafu bodaboda katikati ya mabani ya kukaushia tumbaku, vumbi hadi kwenye kope.

Jengo alilofundishia halipo tena. Mwembe upo. Mwalimu mkuu, kijana mpole, alimtuma mtoto amwite bibi mmoja jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Mwalimu?"

Kabla sijajibu alishalichukua kopo. Alivuta waya mmoja, akahesabu kwa kidole gumba, kizibo baada ya kizibo, hadi kumi. Hakuwahi kusoma shule ya mchana. Alikuwa ngumbaru, darasa la jioni chini ya mwembe huohuo.

"Mama yako alikuwa katoto tu, sisi tuna watoto mgongoni. Tulimcheka. Halafu akatufundisha kusoma mzani."

Mzani wa tumbaku. Zamani mpimaji alitaja kilo, mkulima akaitikia, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Msimu uliofuata bibi huyu alisimama mbele ya mzani, akataja kilo alizoziona yeye.

"Wakanyamaza," alisema, akacheka hadi akashika ubavu.

Miaka yote hiyo, mama hakuwahi kutusimulia habari za mzani. Sisi tulipata kalamu nyekundu. Barua tulizomwandikia kutoka bwenini zilirudi zimezungushiwa duara kila palipokosewa, chini yake alama, saba juu ya kumi, na ndani ya bahasha nauli ya kurudia nyumbani. Nilikuwa naona haya kuifungua mbele ya wenzangu.

Nikamfungulia bibi daftari. Aliinama, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo, akaandika polepole kama anayeshona: *Mwalimu tunakushukulu.*

Ile *l* ya mwisho mama asingeiacha. Niliupuliza wino ukauke, nikafunga daftari.