Hakuchomoa waya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari imechelewa wiki hii, kawaida mnaipata Alhamisi na leo Jumamosi, sababu ni kwamba kila nikishika simu niandike moyo unagoma, na moyo ukigoma hivyo ujue kuna kitu hujatubu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili tulikaa kikao cha mkutano wa injili, na vijana wakashauri tumwalike mhubiri wa mihadhara, zile za kubomoa, Biblia mkono huu Kurani mkono huu, halafu mmoja akasema zile honi mbili kubwa tuzigeuzie msikitini ili ujumbe ufike. Vigelegele. Mimi katibu nikaandika kwenye muhtasari, namba 4, mhubiri, imepita. Sikufungua mdomo.

Jumatatu asubuhi, baridi ile yetu ya Mbeya ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nafungua banda langu la mitumba Mwanjelwa, jirani yangu fundi cherehani anafungua lake. Sote tunamwita Ostadhi ingawa madrasa hajafundisha hata siku moja. Nikamwamkia shikamoo Ostadhi, akaitikia marahaba mlokole wangu, halafu akauliza, mkutano wenu lini, ninunue umeme mapema?

Aisee.

Wengine hamjui, ngoja niseme. Mwaka jana jenereta lilitufia siku ya kwanza tu, tukaenda kumwomba Ostadhi tuvute waya dukani kwake, akakubali kabla sijamaliza sentensi. Siku ya pili mhubiri tuliyemwalika akaacha somo lake akaanza kumsema mtume wao, maneno ambayo hapa siyaandiki, na watu wakashangilia kama wako kwenye mechi ya Simba na Yanga. Mimi nimesimama kwenye mixa, mlango wa Ostadhi uko hatua kama kumi, namwona. Alikuwa anashona sketi za shule za bluu. Anakanyaga pedali, anaacha, anakanyaga tena. Ikaadhiniwa alasiri, akachukua kopo akatawadha, akaenda msikitini, duka kaliacha wazi na waya wetu uko kwenye soketi. Nikajisemea akirudi anauchomoa. Karudi, kakaa, kashika sketi yake. Yaani mtume wake ametukanwa kwa umeme wa LUKU yake mwenyewe na hakuchomoa waya.

Nilipompelekea elfu kumi ya umeme akachukua elfu tatu, akasema zilizotumika ndo hizi. Halafu akasema, umeme nilikupa wewe, yule simjui. Basi.

Na huyu ndiye aliyekuwa na mimi usiku ule soko la Sido lilipoungua 2017. Sitaki kumpamba, aliokoa kwanza cherehani yake kama ambavyo na mimi ningefanya, lakini akarudi ndani ya moshi kwa ajili ya belo zangu mbili.

Sasa tuje kwenye Neno. 1 Petro 3:15 tunaipenda sana, mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu, na hapo tunafunga kitabu tunawasha spika. Mstari haujaisha jamani! Kumjibu kila mtu awaulizaye, nani alituuliza? Na unamalizia, lakini kwa upole na kwa hofu. Hiyo hofu na upole mbona hatujawahi kuvihubiri kwenye mkutano hata mmoja?

Ila kilichonivunja wiki hii ni Matendo 19. Paulo amekaa Efeso amefundisha miaka miwili, mji wa Artemi, mpaka mafundi wa vihekalu vya fedha wanaona biashara inakufa, wanapiga kelele kwa muda wa karibu saa mbili, mkuu ni Artemi wa Waefeso. Halafu karani wa mji, mtu ambaye si wa kwetu, anasimama mstari wa 37 anasema hawa watu hawajaiba hekaluni wala hawajamtukana mungu wetu. Mnaelewa? Injili imeutikisa mji mzima na shahidi wa upande wa pili anakiri kwamba tusi halikusikika. Nikajiuliza wapendwa, Ostadhi akiitwa mahali atoe ushahidi juu yetu, mstari wake wa 37 utasomekaje?

Vijana wangu, nawapenda lakini leo nawasema, na najisema mimi kwanza. Mmekariri aya za kitabu chao za kuwaaibishia, ila mtoto wa jirani Mwislamu amelazwa hamjui hata wodi. Tukifiwa tunawaita wao ndo wachinje ili msiba wote ule sufuria moja, halafu wiki inayofuata tunawageuzia honi! Na mnaojiita mashujaa wa mihadhara, wengi wenu mlikuwa wadogo Tunduma ilipochafuka 2013 kwa ugomvi wa nani achinje, mabomu ya machozi yakapigwa, na sisi tuliookoka tulikuwemo kwenye kuchochea, tusijifanye hatukuwemo. Nani aliokoka siku ile? Nitajieni.

Na asije mtu kusema katibu amepoa, anasema dini zote sawa. Sijasema. Yesu ndiye njia, na Ostadhi anajua kabisa natamani amfuate Yesu, nimeshamwambia uso kwa uso tukinywa kahawa, na yeye ameshaniambia anatamani nitoe shahada, tukabishana mpaka kahawa ikapoa na kesho yake tukasalimiana. Aliniuliza msalaba ulilazimika vipi, nikamjibu nilivyoweza, sijui kama nilijibu vizuri. Lakini hilo swali aliuliza mwenyewe. Kwenye honi hajawahi kuuliza kitu.

Kesho saa nane kuna kikao, namba 4 nimeomba irudi mezani na safari hii nitaongea, mniombee maana mimi mbele za watu mdomo unakauka. Na ndugu wa vyombo, ule waya mrefu wa njano mnaoutafuta tangu mwaka jana uko kwa Ostadhi, ameuviringisha vizuri kautundika kwenye msumari nyuma ya cherehani.