Basi liko Chalinze, jeneza liko Tabora

Saa 11 alfajiri naamshwa na adhana. Nikishaswali nakunywa chai ya rangi kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, kisha napanda baiskeli. Karakana yangu haiko mbali na lango la Hospitali ya Kitete. Natengeneza vitanda, meza na makabati, lakini kinachonilisha ni majeneza. Watu hutuona kama kunguru tunaosubiri, sisi mafundi tuliojipanga karibu na hospitali. Sawa. Lakini msiba ukiingia usiku, ni kwetu wanakokuja kugonga.

Saa 1 na dakika 20, simu. Namba siijui.

"Shikamoo. Samahani, hapo ndipo kampuni ya mazishi ya Tabora?"

Mpwa wangu ndiye aliyeniponza. Mwaka jana aliiweka karakana kwenye ramani ya Google, akaandika "huduma za mazishi" badala ya "fundi seremala", akaona ndiyo biashara. Tangu hapo napigiwa na watu wa Dar wanaotaka kampuni: ipigiwe simu moja, ifuate mwili, iuvike, ilete gari, ichimbe kaburi, ipike na wali.

"Marahaba mwanangu. Hapa ni kwa fundi. Poleni sana. Marehemu ni nani yako?"

Baba yake. Kafariki jana jioni hospitalini, mwili uko mochwari. Mzaramo wa Kisarawe, Mlutheri, alikuja huku na kazi ya reli, akastaafu, akajenga hukuhuku Cheyo. Kijana yuko ndani ya basi, wamefika Chalinze.

Niliposikia Mzaramo, nikashindwa kujizuia. Mimi Mnyamwezi, na utani wetu na Wazaramo ni wa tangu wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo. "Yaani Mzaramo anafia Tabora halafu mnamtafutia kampuni? Sisi watani mmetuweka wapi?" Kimya. Nikadhani nimeharibu. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, nikamwacha mpaka akamaliza.

Nikamweleza jinsi mambo yanavyokwenda huku. Mama yake achukue hospitali tangazo la kifo na kibali cha mazishi, na lile tangazo alitunze vizuri: kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na bila cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, mafao ya mzee watayasikia tu. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe mapema, yeye ndiye mwenye vijana wa kuchimba. Usharika uambiwe, watapanga ibada na kwaya. Maturubai, viti na masufuria hukodishwa, kila mtaa una mtu wake. Nguo ya kumvalisha mzee itoke nyumbani, pamoja na ndugu wawili wa kiume wasioogopa.

"Na jeneza liwe la mninga, fundi, lenye kioo. Baba ni mrefu, weka futi 6 na nusu." Simu ikakata.

Saa 3 nikaenda kupima mwenyewe. Urefu wa kuambiwa siutumii. Miaka ya nyuma niliwahi kuuamini, jeneza likapungua inchi 2, tukaligundua usiku wa kuamkia mazishi, familia nzima imesimama inaniangalia. Nililibomoa palepale na kulirefusha kwa taa ya simu.

Mochwari wananijua. Mhudumu akafunua shuka. Tepu kutoka utosini hadi kisiginoni: futi 5 na inchi 7. Nikarudia. Ni hiyohiyo. Nikapima na mabega, nikaongeza inchi 3 kwenye urefu, nikaandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi nilisahau.

Nje nikamkuta mjane na shemeji yake. "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniuliza paini ni kiasi gani na mninga kiasi gani. Nikamtajia. Hakufikiri mara mbili: "Paini. Hela nyingine itanunua mchele, watu ni wengi." Nikamwambia kijana wake anataka mninga. "Yeye yuko kwenye basi," akasema.

Faida yangu iko kwenye mninga, nisifiche. Ni mbao ya kwetu. Mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na vumbi lake litakupigisha chafya siku nzima. Wateja huutaka kwa sababu mchwa hawauwezi kirahisi. Mimi sijaona marehemu aliyerudi kulalamika juu ya mchwa. Mama alikuwa sahihi.

Kijana alipiga tena wakiwa Morogoro, nikamwambia aongee na mama yake. Hakupiga mpaka Dodoma. Kufikia hapo mninga haukutajwa tena, ila kioo kilibaki.

Saa 7 mchana wakaja vijana wawili wenye kanzu, wana haraka: mbao za kufunikia mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi analolazwa maiti, wanazika baada ya alasiri. Nikaweka paini pembeni nikawakatia. Marehemu wao alikuwa hai jana usiku, anakula. Mochwari hawakuifikia, sanda imeshakatwa, waoshaji wako ndani, jeneza ni lile la msikiti, linakwenda na kurudi. Mimi nami nitabebwa na hilohilo. Miaka yote hii natengeneza majeneza, hakuna hata moja litakaloingia nami ardhini. Mke wangu husema labda ndiyo maana siyaogopi.

Saa 9, wako Manyoni. Anauliza gari la kubebea mwili. Nikampa namba ya jirani yangu mwenye Hiace, anang'oa viti vya nyuma na kutoza mafuta tu kama ni mtu wa mtaa.

Saa 10 hadi 12 ndiyo kazi ninayoipenda. Msasa, kisha vanishi mikono miwili. Paini inainywa ya kwanza yote kama haijapakwa kitu. Ikikauka napiga satini nyeupe kwa stepla, nikianzia kichwani, nakunja kona ili pini zisionekane. Mto naujaza maranda ya mbao hiyohiyo. Kuna mafundi hujaza magazeti. Ukiinua unasikia yanalia. Maranda hayalii.

Saa 2 na nusu usiku bodaboda ikasimama. Kijana mwenyewe, begi mgongoni, macho yamevimba. Ni mfupi kuliko mimi. Akanisalimu, akalizunguka jeneza, akapitisha mkono kwenye kioo, akasimama miguuni.

"Fundi, mbona fupi hivi? Nilikwambia baba ni mrefu."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Akahesabu kimoyomoyo. "Wakati naondoka kwenda sekondari ya bweni ndiyo tulikaa naye sana. Baadaye ni simu tu."

Sikuwa na la kusema. Nikamfungulia kiganja, wino ulikuwa umeanza kufutika kwa jasho, akainama chini ya taa kusoma.